Kitu kinachokungoja kesho asubuhi

SWALI: Nina miaka 63. Nilistaafu mwaka mmoja na nusu uliopita baada ya miaka 35 ya uhasibu. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu: kulala nitakavyo, kusafiri, kutembelea ndugu. Siku hizi naamka alfajiri kama zamani, halafu nabaki kitandani maana sijui niamkie nini. Mke wangu ananisihi nitafute hobi. Nilinunua rangi na brashi, nikachora siku nne, nikavifungia kabatini. Kitu ambacho kimekuwa kikinivuta ni kuchonga mbao, lakini sijawahi kushika patasi maishani, na asubuhi vidole vyangu huwa vimekakamaa. Je, ni kweli hobi inaweza kumpa mtu sababu ya kuamka, au ni njia ya kuua wakati tu? Na kwa umri huu, sijachelewa?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kuandika bila kuficha.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye maneno yale yale: "sijui niamkie nini." Hukusema umekosa shughuli. Mtu mwenye nyumba na familia hakosi shughuli. Bomba litavuja, mgeni atakuja, kuna mahali pa kupeleka mtoto na mahali pa kumchukua. Ulichokosa wewe ni kungojewa. Kwa miaka 35 palikuwa na kitu mezani kilichobaki nusu tangu jana, na wa kukimalizia alikuwa wewe. Hesabu za mwezi hazijafungwa, kuna tofauti ndogo isiyojulikana ilikotoka, umelala nayo kichwani na umeamka nayo. Nadhani siku zile uliiona kuwa mzigo. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikikutoa kitandani.

Nalisema hili mapema kwa sababu jibu langu lote limesimama hapo. Ndiyo, hobi ya mikono inaweza kumpa mstaafu sababu ya kuamka. Nimeiona ikifanya hivyo kwa macho yangu. Lakini si kila hobi, wala si kwa namna yoyote ile. Ile inayojaza saa tu utaichoka kabla mwezi haujaandama. Ile inayobakiza kitu juu ya meza, kitu kinachokusubiri wewe na si mwingine, hiyo ni habari tofauti kabisa.

Na usijilaumu kwa hali uliyo nayo. Katika miaka ya 1970 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Atchley, alieleza kustaafu kuwa ni safari yenye vipindi: kwanza fungate, kisha kuvunjika moyo pale raha inapoisha ladha, kisha mtu kujipanga upya. Si wote wanaopita kila kituo, lakini wengi wataitambua njia. Fungate yako imekwisha. Hilo tu.

Nikupe mfano wa nyumbani kwetu, maana ndiko nilikojifunza hili kabla ya kulisomea. Baba alipostaafu, sisi watoto tulimwambia apumzike. Tulimtafutia kiti kizuri na redio. Kila alipoinuka kushika kitu, mmoja wetu alimpokonya: "Acha baba, nitafanya mimi." Haukupita mwaka akawa ni mtu wa kushika tama kutwa nzima. Hakuwa mgonjwa. Tulikuwa tumemwondolea kila kitu kilichomhitaji, na tulifanya hivyo kwa mapenzi. Siku moja mama akachukua kigoda kilichovunjika mguu, akakiweka mbele yake, akaondoka bila kusema neno. Baba alikitazama jioni nzima. Kesho yake akaomba kisu. Akachonga mguu mwingine, ukawa mfupi. Akachonga wa pili, ukakaa. Akautia gundi usiku na kuufunga kamba. Asubuhi nilipotoka chumbani nilimkuta ameshaamka kabla ya watu wote, amechuchumaa kando ya kile kigoda, anaugusa mguu kwa kidole kimoja aone kama gundi imeshika. Sijasahau uso wake.

Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Kazi yangu ni kumsaidia mtu arudishe matumizi ya mwili wake baada ya kiharusi, kuvunjika au maradhi ya viungo, ili aweze tena kuvaa, kula na kufanya aliyoyafanya. Katika kazi hii kuna jambo tunaliona kila siku. Mpe mtu mpira wa sponji aubinye mara hamsini; atabinya ishirini, ataomba kupumzika. Mpe mtu huyo huyo kipande cha mbao na msasa, mwambie huu ni mpini wa mwiko na utakuwa wake ukiisha, atasugua mpaka umkumbushe kunywa maji. Misuli ni ile ile. Mkono unaofanyishwa mazoezi na mkono wenye kazi yake si mkono mmoja.

Kichwa nacho kina sehemu yake. Mwaka 2014 Denise Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas walichapisha utafiti wao juu ya watu 221 wa umri wa miaka 60 hadi 90. Baadhi yao walijifunza ama upigaji picha wa kidijitali, ama kushona mifarishi ya vipande vya vitambaa, ama vyote viwili, kiasi cha saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Wengine walikutana kwa mazungumzo, michezo na matembezi, na wengine walifanya nyumbani mambo mepesi ambayo hayakuwadai kujifunza jipya. Waliojifunza ufundi mgumu na mpya walionekana kupata nafuu ya kumbukumbu kuliko waliojiburudisha tu, hasa wale waliosoma upigaji picha. Naupenda utafiti huu kwa sababu unagusa kosa ambalo familia nyingi hulifanya: tunawatafutia wazee kitu rahisi. Hawahitaji kitu rahisi. Wanahitaji kitu kinachowashinda kidogo kila siku.

Sasa turudi kwenye zile rangi zilizofungiwa kabatini. Sidhani kama zilikushinda. Ulizinunua kwa sababu uliambiwa utafute kitu, ukachukua cha kwanza kilichokuja akilini, na karatasi nyeupe haikukuuliza swali lolote. (Kuna watu ambao karatasi nyeupe ndiyo uhai wao. Kwa mtu aliyeishi na hesabu, ambazo lazima zifungike, huenda ule uhuru ni mpana mno.) Mbao ulizitaja bila kuambiwa na mtu. Uliandika kwamba zimekuwa "zikikuvuta." Mvuto huo uheshimu. Ndio utakaokupa mahali pa kushika siku ya tano, siku ambayo rangi hazikuifikia.

Ungekuwa mbele yangu ningekuanzishia kijiko. Achana na sanamu, kiti au sanduku kwanza. Kijiko ni kidogo, kinakaa mapajani, kinaisha kwa siku chache, na ndani yake mna mambo karibu yote ambayo mti utakufundisha baadaye. Vifaa ni vichache: shoka dogo au msumeno wa kupunguza, kisu kifupi kilichonyooka, kisu kilichopinda cha kuchimbia, na jiwe la kunolea. Anza na jiwe. Jifunze kunoa kabla ya kuchonga, kwa sababu kisu butu hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ikiteleza huishia kwenye mkono wa pili. Huo mkono wa pili uvalishe glavu isiyokatika kirahisi. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, mwambie daktari wako unachokusudia kufanya kabla ya kushika kisu.

Tafuta kipande cha mti mbichi, uliokatwa karibuni, usio na vifundo. Wanaoanza hukimbilia mbao kavu ya dukani kisha wanadhani hawana nguvu. Mti mbichi bado una maji ndani na hukatika kwa ulaini. Upasue kwa kufuata nyuzi zake, usiukate kuzipita. Chora kijiko kwa penseli juu ya uso bapa. Halafu anza kuondoa kisichokuwa kijiko.

Hapo ndipo utakapokutana na nyuzi. Ukichonga ubavu wa kijiko kutoka penye upana kuelekea penye wembamba, yaani kutoka tumboni kushuka shingoni, kisu kitakwenda kwa sauti laini na maranda yatajikunja kama utepe. Ukigeuza na kwenda kinyume, utasikia mkwaruzo, kisha kisu kitazama na kubandua kipande ambacho hukukusudia kukitoa. Ukifika shingoni, simama, geuza kijiko, anza upande mwingine. Ndani ya tumbo la kijiko chimba kwanza kwa kukatisha nyuzi, ubavu kwa ubavu. Kwa siku mbili tatu akili yako yote itakuwa kwenye ncha ya kisu, ikisikiliza. Hakuna nafasi ya kuwaza kingine. Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia aliyeichunguza hali hii kwa miaka mingi, alisema huja pale ugumu wa kazi unapolingana na ujuzi wa mtu: kazi ikiwa nyepesi mno mtu huchoka nayo, ikiwa nzito mno huingiwa na wasiwasi. Kijiko cha kwanza kitakaa upande wa uzito. Cha nne kitaanza kulingana.

Na hapa mti mbichi una fadhila moja zaidi kwako. Una saa yake. Ukikiacha kijiko cha nusu mezani, kitakauka, kitagumu, pengine kitapasuka. Kwa hiyo jioni unakifunga kwenye mfuko wa plastiki ili unyevu usitoke, na asubuhi unajua kabisa kwamba ndani ya mfuko ule kuna kitu kisichoweza kukusubiri hadi wiki ijayo. Ndiyo ile hesabu isiyofungwa, imerudi kwa sura nyingine. Nakushauri ufanye hivi kwa makusudi: usimalize kazi jioni. Hata kama zimebaki dakika kumi, simama. Weka alama ya penseli pale utakapoanzia kesho. Akili ikiacha jambo katikati hupenda kulirudia, nawe utalala huku ukiwaza ule ukingo wa kushoto ambao bado ni mnene.

Kikishapata umbo, kiache kikauke polepole kivulini, kimefukiwa ndani ya maranda yake mwenyewe. Usikianike juani. Ukifika wakati wa msasa vaa barakoa na ukae penye hewa, kwa kuwa vumbi la mbao hudhuru njia ya hewa, na kulivuta kwa miaka mingi kunajulikana kusababisha saratani ya pua. Ukikipaka mafuta ya kitani, usikunje kitambaa chenye mafuta na kukitupa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke au kiloweke kwenye maji.

Kuna jambo ambalo kwako litakuwa gumu kuliko kisu, na ningependa ulijue mapema. Umeishi maisha ambayo kosa ni aibu, na pengine ni kazi ya mtu. Mkaguzi akiliona, unaitwa. Kwenye mti utakosea kila siku na hakuna mkaguzi. Shingo ya kijiko itavunjika kwa sababu uliipunguza mno pale nyuzi zilipokuwa fupi. Tumbo litatoboka. Nimewaona watu wenye vyeo vizito wakitokwa na jasho mbele ya kijiko kilichotoboka, wakitaka kukificha kabla mtu hajakiona. Hofu hiyo ndiyo inayorudisha rangi kabatini siku ya nne, zaidi ya uvivu. Jipe vijiko vitano vya kuharibu, uvihesabu kabisa. Ukivunja cha pili, umebakiwa na vitatu vya kuharibu, endelea. Usimwonyeshe mtu yeyote ambaye atakusifia kwa kukuhurumia. Mke wako ana haki ya kuona, ila mwombe asiseme "kizuri". Mwombe akitumie, kisha akwambie panapomkwaruza.

Kuhusu vidole. Kukakamaa asubuhi kunakoachia ndani ya nusu saa hivi mara nyingi ni kusagika kwa viungo kunakokuja na umri. Kukiendelea saa nzima au zaidi, au viungo vikiwa vimevimba na vina joto kwa mikono yote miwili, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi ya aina nyingine, na inatibika vizuri zaidi ikiwahiwa. Nenda ukapimwe kabla ya kuanza. Usichukulie tu kwamba ni uzee. Kama ni ile ya kwanza, mikono yako haikukatazi kuchonga. Loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache kabla ya kazi. Nenepesha mipini: zungushia kitambaa au mpira mpaka ujae kiganjani, kwa maana mpini mwembamba hudai vidole vibane zaidi. Fanya kazi dakika ishirini, pumzika kumi, hata kama hujisikii kuchoka. Maumivu yanayokwisha ndani ya saa moja au mbili baada ya kazi yanavumilika. Yakilala nawe hadi kesho, umezidisha, punguza.

Ikitokea mbao zikakukataa kabisa, badilisha kifaa, usiache kazi ya mikono. Anna Mary Robertson Moses, mwanamke wa mashambani huko Marekani aliyezaliwa 1860, alikuwa akitarizi picha kwa nyuzi za sufu. Ugonjwa wa viungo ulipoifanya sindano kuwa mateso, akashika brashi. Alikuwa anakaribia miaka 80. Alichora hadi alipopita miaka 100, na dunia ikamjua kwa jina la Grandma Moses.

Hapo nimeshaanza kujibu swali lako la kuchelewa, basi nilimalizie kwa mtu mwingine ninayemkumbuka kila ninapoulizwa hivi. Mary Delany alikuwa Mwingereza, mjane. Mwaka 1772, akiwa na miaka 72 hivi, alianza kukata karatasi za rangi vipande vidogo sana na kuvibandika juu ya karatasi nyeusi, petali kwa petali, mpaka ua zima linatokea na hata mishipa ya jani inaonekana. Hakuna aliyemwagiza. Alifanya hivyo miaka kumi, hadi macho yalipogoma, na akaacha maua 985. Yapo British Museum, London, mpaka leo. Maua 985 kwa miaka kumi ni karibu mia moja kila mwaka; wewe ni mhasibu, utaona mara moja kwamba huyo mama alikuwa na kitu mezani karibu kila asubuhi. Na alianza akiwa amekupita kwa miaka tisa.

Watu watakuambia uviuze. Watasema kwa nia njema, hasa vijiko vikianza kupendeza. Ningekuomba ukatae kwa mwaka wa kwanza. Oda ikiingia, wa kukungoja anakuwa mteja, na utajikuta umerudi kazini bila mshahara. Gawa. Mpe mtu unayemjua, anayepika, ambaye mkono wake umeutazama: mrefu au mfupi, anakoroga kwa kulia au kwa kushoto. Kijiko cha mtu wa kushoto hutengenezwa tofauti kidogo, na kulifikiria hilo siku nzima ni kumfikiria yeye siku nzima. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliamini kwamba mtu mzima ana haja ya kuacha kitu kwa wanaokuja nyuma yake, na asipopata njia ya kufanya hivyo hudumaa. Tunapenda kudhani hayo ni mambo makubwa, urithi na wosia. Wakati mwingine ni mwiko unaoingia vizuri kwenye kiganja cha binti yako. Baadaye, ukishakuwa na vijiko ishirini nyuma yako, tafuta mtu mmoja wa kumfundisha kunoa.

Kuna jambo moja sitaki lipite hivi hivi. Umeniambia unabaki kitandani asubuhi. Ikiwa pamoja na hilo umekosa hamu ya kula, hulali vizuri, hufurahii hata watu unaowapenda, na hali hiyo imeshapita wiki mbili, au kama unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, usisubiri kijiko. Mwone daktari wiki hii, na kama ni hilo la mwisho, nenda leo. Sonona ni ugonjwa, unatibika, na mbao zitakuwepo ukirudi.

Kama si hivyo, basi tafuta mti wako mbichi kabla wiki haijaisha. Kijiko cha kwanza kitakuwa kinene, kimepinda, na huenda kitakuwa na tundu. Usikitupe wala usikichome. Nyuma ya mpini andika tarehe kwa penseli, kama ulivyokuwa ukiandika kwenye kila daftari, kisha kiweke mahali unapokiona ukiwa unachonga cha pili.